Kitufe cha "Ruhusu" Hakikujiweka Chenyewe

Katika toleo lililopita msomaji mmoja alituuliza kama programu ya simu inaweza kuwa na maadili, nasi tukamjibu kwa sentensi mbili tu kwamba maadili ni ya aliyeiunda, wala si ya mashine. Jibu lile lilikuwa fupi mno, na barua zilizomiminika baadaye zimetudhihirishia hivyo. Tumechagua nne kati yake, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

"Uliruhusu mwenyewe"

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa biashara ndogo ya vitenge hapa Morogoro. Nilikopa shilingi 60,000 kwa njia ya simu ili nikamilishe ada ya mtoto. Zilizoingia zilikuwa 45,000, nikatakiwa kurudisha 60,000 ndani ya siku saba. Siku ya saba sikuwa nazo. Siku ya tisa, kabla ya saa nne asubuhi, baba mkwe wangu aliyeko Ifakara, mwalimu wa darasa wa mwanangu, na mteja wangu mmoja walikuwa wamepokea ujumbe unaosema kwamba mimi ni mwizi na kwamba wanishauri nilipe. Huyo mteja nilikuwa nimehifadhi namba yake kwa jina la "Kitenge Bluu", maana jina lake halisi silijui, na ujumbe aliotumiwa ulianza hivi: "Ndugu KITENGE BLUU." Nilipomlalamikia fundi simu wa hapa sokoni alinijibu, "Mama, uliruhusu mwenyewe," akaongeza kwamba teknolojia ni kama kisu, ubaya uko kwa anayekitumia. Je, kosa ni langu?*

Pole sana, mama. Tuanze na lililo lako: deni ni lako, na kile ulichopokea pamoja na gharama zilizo halali huna budi kukilipa. Lakini kuitwa mwizi mbele ya baba mkwe hakukuwa sehemu ya deni, na swali la nani aliyesababisha hayo lisijibiwe upesi kama alivyolijibu fundi wako.

Mfano wake wa kisu tunaukubali, ila ameuachia njiani. Kisu hakina nia, lakini kina mpini na kina makali, na kila Mswahili anajua tofauti iliyopo kati ya aliyeshika huku na aliyeshika kule. Katika programu uliyoipakua, mtu fulani alikaa mbele ya kompyuta akaamua kwamba mpini ubaki kwa mkopeshaji na makali yaelekezwe kwako. Uamuzi huo tunaweza kuufuata hatua kwa hatua, kwa sababu umeacha nyayo.

Unyayo wa kwanza ni huyo "Kitenge Bluu". Jina hilo halikuwepo mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya simu yako, kwa hiyo hakuna shaka kwamba orodha yako ya majina na namba ilinakiliwa ikapelekwa kwenye kompyuta za mkopeshaji. Hakuna shaka pia kwamba ujumbe ule ulitungwa mara moja, ukaachwa na pengo mahali pa jina, kisha mashine ikalijaza pengo hilo kwa kila uliyemhifadhi, bila mtu kusoma alichokuwa akikituma. Mtu mwenye akili timamu asingemwita mwenzake Ndugu Kitenge Bluu. Na kunakili kwa namna hiyo kwa kawaida hufanyika dakika ileile mkopaji anapobonyeza kitufe, siku ya kukopa, wakati bado hajachelewa hata saa moja.

Unyayo wa pili ni lugha. Ikiwa simu yako imewekwa Kiswahili, huenda iliuliza kama unairuhusu programu ifikie "anwani" zako. Hivyo ndivyo watafsiri wa mifumo ya simu walivyochagua kuyaita majina na namba ulizohifadhi. Sasa, kwa mtu aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii, anwani ni sanduku la posta, au mtaa na namba ya nyumba. Mama anayeomba mkopo akiulizwa kuhusu anwani zake ataona ni jambo la kawaida kabisa, kwani hata ofisi ya kata humuuliza anakoishi. Hatusemi kwamba watafsiri hao walikuwa na nia mbaya. Tunasema kwamba neno moja lililochaguliwa bila kumwonyesha muuza vitenge hata mmoja limegeuza ridhaa kuwa kitu kingine.

Unyayo wa tatu ni kile kinachotokea ukikataa. Programu nyingi za aina hiyo zilikuwa zinajifunga papo hapo mtu anapobonyeza "Usiruhusu", na wakati huo mkopaji alikuwa amekwisha kujaza jina, namba ya kitambulisho na kiasi anachotaka, na ada ya mtoto inasubiri. Ridhaa ya namna hiyo ni kama ya abiria anayeulizwa katikati ya pori, usiku, kama anaafiki nauli mpya.

Na kwa nini waihitaji orodha hiyo? Jibu la wakopeshaji lilikuwa kwamba inawasaidia kumjua mteja. Sisi tunaona ilikuwa rehani. Wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao tumezoea kuiita kausha damu, hubeba televisheni na godoro. Hawa wa kwenye simu waligundua kwamba heshima ya mtu kwa wakwe zake haihitaji gari la kuibeba, na kwamba mwenye nayo yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya godoro ili aikomboe. Linganisha na daftari la madeni la dukani kwa Mangi, ambalo hukaa chini ya kaunta na hujua mambo matatu tu: jina, kiasi, na tarehe. Nakiri kwamba wapo wenye maduka waliowahi kubandika majina ya wadaiwa ukutani, na wateja wakawachukia kwa hilo, lakini hata hao hawakuwahi kumfuata baba mkwe wa mtu Ifakara. Isitoshe, baba mkwe wako hakubonyeza kitufe chochote. Namba yake ni yake, na hata wewe hukuwa na mamlaka ya kumridhia.

Sheria imelifikia jambo hili, ingawa kwa kuchelewa. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, ambazo zinawakataza kutumia vitisho na kuwatafuta watu waliomo katika simu ya mdaiwa kwa ajili ya kumdai, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini humo ikamtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa makosa ya aina hiyo. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lakini kwa mada yetu ya leo, hatua iliyo na mafunzo zaidi ni ile ya Google, ambayo kuanzia mwisho wa Mei 2023 ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake kusoma majina na picha zilizo ndani ya simu ya mteja. Wakopeshaji hawakupata toba usiku huo, waliondolewa uwezo. Jambo lililoonekana kuwa la lazima kwa biashara liliondolewa kwa mabadiliko ya kanuni moja, na mikopo haikukoma.

Ukiwa umekaa, fungua mipangilio ya simu yako, tafuta programu hiyo, uiondolee ruhusa zote kabla ya kuifuta, ukijua kwamba kuifuta hakurudishi kilichokwisha kunakiliwa. Usiufute ujumbe wowote. Mwombe Kitenge Bluu akutumie picha ya ule wake, kwa kuwa ndio ushahidi ulio bora kuliko wote. Malalamiko yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ikiwa mkopeshaji hana leseni, Benki Kuu nayo iarifiwe. Fundi wako mpe gazeti hili asome.

"Mzee, huna alama"

*Mhariri, mimi ni fundi mwashi, Lindi. Simu yangu iliibiwa nikaenda kwa wakala kurudisha laini. Aliniambia niweke kidole kwenye kile kioo chekundu, kikakataa. Akafuta kioo kwa fulana yake, akaniambia nipanguse kidole kwenye suruali, kikakataa. Tukajaribu mafuta ya kupaka, tukajaribu vidole vyote kumi, watu nyuma yangu wakiguna, hadi kijana akaniambia, "Mzee, huna alama." Nimejenga nusu ya mtaa ule kwa vidole hivi. Kwa nini walitengeneza mashine isiyomjua mtu anayefanya kazi?*

Shikamoo, mzee wetu. Saruji hula ngozi, mawe huisugua, na umri huikausha. Ile michirizi ambayo mashine huitafuta hufifia kwa waashi, wakulima, wafua nguo na wazee. Jambo hili linajulikana na wanaounda mashine hizo tangu zamani, kwa hiyo hatuwezi kuliita ajali. Kidole kinachosomeka bila taabu ni kile kinachofanana na cha anayeijaribu mashine, naye kwa kawaida ni mtu wa mezani.

Haya hayako kwenye vidole tu. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu tatu za kampuni zinazokisia jinsia ya mtu kwa kumtazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika hadi asilimia 34.7. Hakuna aliyeandika ndani ya programu hizo kwamba mwanamke mweusi akosewe. Picha zilizotumika kuzifundisha zilijaa watu wa aina moja, na hapakuwepo aliyeuliza wengine wako wapi.

Nisingependa, hata hivyo, ukae ukisubiri kioo kinachosoma kila kidole, kwa sababu hakitakuwepo. Kasoro iliyokuumiza zaidi siyo ya kioo, ni ya utaratibu: mashine iliposhindwa, yule kijana hakuwa na hatua nyingine ya kukupeleka. Wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, nilisimama katika foleni kama hiyo nikamwona bibi mmoja akirudishwa mara tatu, na kila mara kosa lilionekana kuwa la kidole chake. Mfumo uliosanifiwa na mtu makini huanza na swali la asiyesomeka: aende wapi, kwa nani, na kwa hati gani, bila kuaibishwa mbele ya foleni. Mahakama Kuu ya Kenya iliigusa hoja hiyo katika hukumu ya tarehe 30 Januari 2020 kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali ya nchi hiyo wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ilipoonya kwamba wasio na hati na wale ambao alama zao hazisomeki vizuri wanaweza kuachwa nje ya huduma, ikataka kuwepo kwa kanuni kabla ya mpango kuendelea. Tarehe 14 Oktoba 2021 jaji mwingine alitamka kwamba utoaji wa kadi zake ulikuwa batili, kwa kuwa haukutanguliwa na tathmini ya athari zake kwa taarifa za watu.

Kwa laini yako, usirudi kwa wakala wa mtaani. Nenda na kitambulisho kwenye ofisi yenyewe ya mtandao wako, uombe kuonana na msimamizi, na umweleze tangu mwanzo kwamba vidole havisomeki, ili asikurudishe kwenye kioo.

Maadili ya nani?

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Mombasa. Mnasema "kutia maadili katika teknolojia", lakini vifaa hivi vimeundwa California na Shenzhen na watu wasiotujua. Je, si afadhali mseme wazi kwamba maadili yao si yetu, na kwamba hatutendewi haki kwa sababu hawatufahamu?*

Mwalimu, nusu ya hoja yako tunaiunga mkono, na mfano wa "anwani" hapo juu unaitosha. Lakini rudi uisome barua ya mama wa Morogoro. Aliyeitunga ile mbinu ya kudai hakuwa mgeni wa mila zetu hata kidogo. Alijua kwamba kwetu mtu hukopa kwa siri na hulipa kwa siri, alijua baba mkwe ni nani, alijua kwamba mwanamke atauza kitenge chake cha harusi ili neno lisifike ukweni. Alitujua vizuri mno, na ujuzi huo akaufanya mtego. Kwa hiyo sidhani kwamba dawa ni kuwapata wasanifu wanaotufahamu tu. Wenyeji nao wamo katika biashara hiyo, na wanalipwa. Tofauti inaletwa na nani anayeulizwa mapema na nani mwenye uwezo wa kusema hapana akasikilizwa.

Kurasa moja ya maadili mwishoni mwa ripoti

*Ninasoma programu za kompyuta chuoni, Dodoma. Kwa mradi wa mwaka wa mwisho ninaunda programu ya kikoba cha mama yangu, chenye wanawake 28 wanaokutana kila Jumamosi kwa mwaka wa sita sasa. Mkufunzi anatutaka tuwe na kurasa moja ya maadili mwishoni mwa ripoti. Sote huandika "uwazi, usawa, faragha", anaweka vema, basi. Nifanyeje maneno hayo yawe programu? Na je, niweke picha za wanachama?*

Barua hii tumeifurahia, tukaiachia nafasi kubwa kuliko zote.

Ujue kwanza kwamba swali lako lina wenyewe. Profesa Batya Friedman wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kuunda njia ya usanifu inayoanza na kuuliza watu wanathamini nini, na walisisitiza kuwatazama pia wale wanaoguswa na kifaa bila kukitumia, kama baba mkwe wa Ifakara. Katika muongo huohuo Ann Cavoukian, aliyekuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario, Kanada, alianza kuhubiri kwamba faragha ijengwe ndani ya mfumo tangu mchoro wa kwanza, na wazo lake limeingia katika sheria: kifungu cha 25 cha sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, na kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Wahandisi wa IEEE, chama chao cha kimataifa, nao walitoa mwaka 2021 mwongozo wenye namba 7000, unaoeleza hatua za kuyageuza maadili kuwa matakwa ya kiufundi. Visome kama una nafasi. Lakini kitabu chako cha kwanza kiko chini ya kitanda cha mweka sanduku wa kikoba.

Litazame sanduku lile. Vikundi vingi vya kuweka akiba vinavyofuata mtindo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na ambao ulisambaa hadi kwetu, hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu, sanduku linakaa kwa wa nne, na halifunguliwi isipokuwa mbele ya mkutano. Hakuna aliyeandika "uwazi" popote juu ya chuma hicho, na hata hivyo hakuna anayeweza kuiba peke yake, wala hakuna anayeweza kusingiziwa peke yake, jambo ambalo katika kijiji lina uzito uleule. Sasa tazama programu yako. Ukifanya kama wengi wanavyofanya, katibu atapewa namba moja ya siri inayofungua kila kitu. Utakuwa umezing'oa kufuli mbili, na ripoti yako itasema umeleta maendeleo. Kabla mkopo haujatoka, programu itake namba za siri za wanachama watatu, kutoka simu tatu, na ikatae mmoja asipoweka.

Kisha chukua kitabu cha mwanachama. Katika vikundi vingi hisa haziandikwi kwa tarakimu, bali hugongwa mhuri, mhuri mmoja kwa hisa moja, na mama asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake kwa kidole kama anavyohesabu mayai. Skrini inayomwonyesha "Salio: 48,000" imemnyang'anya alichokuwa nacho. Chora mihuri. Nayo iwe inafika hata kwenye simu ya kitochi, maana katika wanawake 28 huna hakika ya simu janja 28. Ujumbe mfupi unaosema "umegonga mihuri mitatu leo, jumla kumi na mbili", anaosomewa na mjukuu, utamfaa kuliko mchoro wa rangi.

Faini za kuchelewa nazo ziangalie kwa makini. Kwenye mkutano, mama aliyechelewa kwa sababu ya msiba huinuka akaeleza, wenzake wakamtazama mwenyekiti, na mara nyingi faini hufutwa na mfuko wa jamii wa kikoba ukatoa cha kumfuta machozi. Programu inayokata faini yenyewe saa kumi na dakika moja imefanya usawa wa kikokotoo. Iache ikumbushe tu, na uamuzi ubaki mkutanoni. Ila kila faini inayofutwa iandikwe pamoja na aliyeifuta, kwa sababu huruma nayo huwa na upendeleo, na wanawake hao wanaweza kukutajia mifano.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale maneno yako matatu yanapogombana. Ndani ya kikoba uwazi ndio uhai: kila mmoja anajua akiba ya mwenzake, nayo husomwa kwa sauti. Nyumbani hali ni nyingine. Wapo wanawake ambao waume zao hawajui kiasi walichonacho, kwa sababu wanazozijua wenyewe, na simu ya familia inaweza kuwa moja, iko juu ya meza wakati wa chakula. Ujumbe wako unaotokea juu ya skrini iliyofungwa, ukitaja jina la kikoba na jumla ya akiba, unaweza kuleta ugomvi ambao hakuna kufuli tatu zitakazouzuia. Wengine wanataka mume aone, tena wanajivunia. Huwezi kulitatua hilo ukiwa chuoni, na usijaribu kulitatua mbele ya mkutano mzima pia, kwa kuwa hakuna atakayesema ukweli mbele ya shemeji yake. Waulize mmoja mmoja, au mtume mama yako aulize. Mimi ningeanza na ujumbe usiotaja kiasi wala kikoba, unaosema tu "mkutano umefungwa, asante", na anayetaka zaidi aombe mwenyewe. Hali ambayo programu inaanza nayo ndiyo ambayo wengi watabaki nayo, kwa hiyo iwe ile isiyomdhuru aliye dhaifu zaidi.

Usione haya ukigundua kwamba wanaitumia kwa namna ambayo hukuikusudia. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliokuwa wakiisimamia waliona kwamba watu katika majaribio wanatumiana fedha wao kwa wao, wakaipindua, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Hata kule kuonyeshwa jina la mpokeaji kabla hujakamilisha muamala, ambako leo tunakuona kama kawaida, kulikuja baadaye, baada ya fedha nyingi kwenda kwa namba zisizo zake. Kwa hiyo kaa Jumamosi tatu nyuma ya mkutano, bila kompyuta, ukiandika kwenye karatasi nani anamsogezea nani kitabu amsomee.

Ile kurasa ya mwishoni mwambie mkufunzi kwamba huna, na umwonyeshe badala yake ni mistari ipi ya programu inayotaka funguo tatu. Kuhusu picha za wanachama, usiweke. Wanawake 28 waliokaa pamoja kila Jumamosi kwa miaka sita wanajuana sura.